Pikipiki Tatu na Daftari la Bwana Shamba

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea kunikuta nikijadili Katiba, bajeti na uchaguzi. Leo naomba radhi niandike juu ya pikipiki. Radhi yenyewe naiomba nusu tu, kwa kuwa tutakapofika mwisho tutakuwa tumerudi kwenye bajeti.

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mtu mzima niliyevuka miaka arobaini, mwenye shahada ya uzamivu na watoto wanaodaiwa ada, na ninapenda pikipiki za mbio. Mama yangu haoni tofauti kati ya mapenzi haya na wazimu. Wanafunzi wangu huniona naingia chuoni nikiwa nimevaa koti la ngozi na kofia ngumu, wakacheka pembeni. Wana haki ya kucheka. Lakini kila mtu ana mahali ambapo akili yake hupumzika, na yangu hupumzika pale injini inapopanda mzunguko na barabara ikanyooka mbele.

Ya kwanza niliyoimiliki ilikuwa Honda CBR250R, mtumba, niliyoinunua nikiwa mhadhiri msaidizi kwa fedha ambazo mke wangu alikuwa amezipangia bati. Ina silinda moja, ujazo wa cc 249 na nguvu za farasi zipatazo 26. Ni pikipiki yenye adabu. Huvuta vizuri tangu mzunguko wa chini, haimwadhibu anayekosea gia, na mafuta hunywa kidogo. Baada ya miaka michache nikaiuza, nikanunua Yamaha R3: silinda mbili, cc 321, nguvu za farasi takribani 42, uzito karibu kilo 170. Hii ina tabia nyingine. Ukiiendesha taratibu, ni pole kama ile ya kwanza. Ukiipandisha kuelekea mizunguko elfu kumi kwa dakika, hubadilika sauti na mwendo, ukaelewa kwa nini watu hupoteza mishahara yao kwa vitu hivi. Nikiulizwa ipi ni bora, hujibu kwamba ya kwanza ilinifundisha kuendesha na ya pili ikanifundisha kujizuia.

Nimewahi pia kuendesha Yamaha R1 ya rafiki yangu, cc 998, silinda nne, asubuhi moja ya Jumapili kutoka Dar es Salaam kuelekea Bagamoyo. Sikuvuka gia ya tatu. Kwenye mashine ile, gia ya kwanza peke yake inatosha kukuvusha kilomita 100 kwa saa, na vijiji vyetu vina kibao cha 50 kila baada ya muda mfupi. Nilimrudishia rafiki yangu ufunguo nikiwa na furaha na swali. Furaha ilikwisha jioni ile. Swali limebaki: mashine hii ilibuniwa kwa ajili ya barabara ya nani?

Jibu la swali hilo nililipata nyumbani, Nyalikungu, wilayani Maswa.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Maswa ilikuwa sehemu ya Shinyanga, na barabara zake zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Leo mtu anatoka Mwanza, anapita Magu na Lamadi, anakata kuelekea Bariadi, kisha anamaliza takribani kilomita 50 za mwisho hadi Maswa, yote juu ya lami. Kwa mpanda pikipiki ya mbio, hiyo ni safari ya kusimulia. Desemba moja, miaka michache iliyopita, niliifanya. Nilifika Maswa mchana, nikiwa na fahari ambayo leo naiona aibu kuisimulia. Zilikuwa zimebaki kilomita chache za njia ya udongo kufikia mji wa mama.

Msukuma hahitaji kuelezwa udongo wa mbuga ukinyeshewa. Ni mweusi, hunata, na huingia kila mahali. Nilikwenda kama mita mia mbili, pikipiki ikalala ubavu, nami nikalala nayo. Niliinyanyua, nikaiwasha, ikawaka. Nilipoingiza gia, ikazima. Nikawasha tena, nikaingiza gia, ikazima. Vijana wa bodaboda wakajaa. Mpwa wangu naye akafika na SanLG yake, miguu peku, suruali imekunjwa hadi magotini. Walitafuta plagi, hawakuiona kwa kuwa imefichwa chini ya maganda ya plastiki na tangi. Walitafuta kabureta, haipo. Mafuta hupimwa na kompyuta. Mwishowe mpwa wangu aliivuta kwa kamba, na siku ya tatu ikapanda Fuso kurudi Mwanza ikiwa imelazwa katikati ya magunia ya dengu.

Mwanza, kijana mmoja mwenye ujuzi aliitazama kwa dakika kumi. Ile chuma ya kuegeshea ina swichi ndogo. Ikiwa imeteremka, injini huzima unapoingiza gia ili usianguke. Matope ya mbuga yalikuwa yameishika swichi. Pikipiki haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa ikitii sheria iliyopewa na mtu ambaye hakuwahi kuuona udongo wa Maswa.

Niliporudi nyumbani kwa basi, mama hakunicheka. Alisema tu, "Mwanangu, ya baba yako iko ghalani. Hiyo haikuwahi kubebwa na gari."

Baba yangu alikuwa bwana shamba. Leo tunawaita maafisa ugani. Mwaka 1983 ofisi ilimkabidhi Honda CG125 nyekundu, mali ya serikali, yenye namba ya serikali, na sisi watoto tuliruhusiwa kuiosha tu. Alihudumia vijiji saba vya wakulima wa pamba. Alibeba mbegu, pampu ya kunyunyizia dawa, mara nyingine mama mjamzito. Alikuwa na daftari la kurasa mia moja, lenye jalada gumu, ambamo kila siku aliandika tarehe, kijiji, kilomita, mafuta aliyotia, na kitu alichokiona: "Wamepanda kwa mstari." "Masalia ya mwaka jana hayajachomwa, nimewakumbusha 15 Septemba." Upande wa kulia wa kila ukurasa alichora mstari na kuandika habari za pikipiki: oili imebadilishwa, mnyororo umekazwa, plagi imesafishwa.

Daftari lile ndilo lililonifundisha historia ya miaka ya 1980 kuliko vitabu nilivyosoma baadaye. Nchi haikuwa na fedha za kigeni. Spea ilikuwa neno la kuombewa. Mwaka 1986 Serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata huduma zikaendelea kubanwa moja baada ya nyingine. Katika daftari la baba, mageuzi hayo makubwa yanaonekana kama mambo madogo: lita za mafuta zinapungua, siku za safari zinapungua, upande wa kulia wa ukurasa unajaa.

Mwishoni mwa mwaka 1989 aliandika: "Klachi inateleza." Mwezi uliofuata: "Klachi inateleza sana. Nimeandika barua." Kisha: "Barua ya pili." Majibu ya ofisi iliyohusika aliyahifadhi ndani ya daftari lenyewe, karatasi mbili zilizopigwa chapa, zote zikisema kwamba ombi lake linashughulikiwa. Februari 1990, vitumba vya pamba vikiwa vimeanza kukaza, habari zikamfikia kwamba katika kijiji kimoja upande wa Lalago funza ameingia mashambani. Pikipiki haikuweza kupanda hata kilima kidogo. Baba akachukua baiskeli ya Phoenix ya jirani. Mvua ilikuwa imenyesha. Sehemu kubwa ya mbuga aliivuka baiskeli ikiwa begani. Alifika siku ya pili, akakuta vitumba vimetobolewa shamba kwa shamba. Pampu iliyokuwapo kijijini ilikuwa mbovu, na nzima ilikuwa ofisini kwake, imefungwa nyuma ya pikipiki isiyokwenda.

Hakuna aliyemtukana. Mzee mmoja alimwambia tu, "Tulikusubiri, bwana shamba." Baba aliyarudia maneno hayo mara mbili maishani mwake nikisikia, mara ya mwisho akiwa kitandani mwaka 2016, wiki chache kabla hajatutoka. Mstari wa mwisho wa daftari ni wa mwezi ule ule wa Februari: "Klachi imekwisha kabisa. Barua ya tatu."

Katikati ya miaka ya 1990, wakati biashara ya pamba ilipokuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi na watumishi wa umma wakipunguzwa, naye alipunguzwa. Pikipiki ikapigwa mnada pamoja na viti vibovu na taipureta. Akainunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Tuliisukuma kutoka mjini hadi nyumbani, yeye ameshika usukani, mimi nimeshika keria. Nilidhani ataitengeneza. Hakuitengeneza, kwa kuwa tulikuwa watatu shuleni na ada ilikuwa inamsubiri. Alikuwa akiifuta vumbi kila Jumapili baada ya kutoka kanisani.

Basi mimi, msomi niliyebebewa pikipiki ya kisasa juu ya magunia, niliingia ghalani nikaitoa ile ya zamani.

Kazi ilichukua likizo tatu. Niliifanya pamoja na fundi mmoja mzee wa mjini Maswa, ambaye aliwahi kuifungua pikipiki hiyo hiyo ikiwa mpya. Panya walikuwa wamejenga ndani ya kisanduku cha chujio la hewa. Tangi lilikuwa na kutu. Tulitia kokoto na dizeli, tukalitikisa kwa zamu hadi mikono ikafa ganzi. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Mzee alimimina mafuta mepesi juu yake, akasema tuiache ifikiri, na siku ya sita ikaachia. Silinda ilipelekwa Shinyanga kwenye kerezo ikachongwa. Spoku zilibadilishwa moja moja. Siti ilikuwa imeshonwa na baba mwenyewe kwa uzi wa gunia, na hiyo nilimkataza mzee kuigusa.

Kama wafufuaji wengi wa vitu vya kale, nilikuwa nimekwisha kuingiwa na ugonjwa wa uhalisi. Nilitaka kila kitu kiwe cha asili, kilichotoka Japani, chenye nembo. Nilikuwa nimepata wauzaji wa spea za zamani huko Uingereza, na nilikuwa nimepiga hesabu ya bei pamoja na usafiri. Hesabu hiyo sitaiandika hapa kwa kuwa mke wangu husoma ninayoyaandika. Orodha yangu ilianza na klachi. Mzee alinisikiliza nikimsomea orodha hadi mwisho. Kisha akavua miwani, akavuka barabara, akaingia katika duka la spea za bodaboda, akarudi na kipakiti cha plastiki.

"Hizi hapa," akasema.

Zilikuwa sahani za klachi. Alizipanga moja juu ya nyingine mbele ya macho yangu, zikaingia mahali pake kama zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Bei yake ilikuwa ya kuku mmoja wa kienyeji.

Nilitoka nje ya banda nikasimama kwa muda. Mzee naye alinielewa, hakuniita. Miaka thelathini iliyopita, kipakiti kile kilikuwa tofauti kati ya mavuno na funza, kati ya baba yangu na aibu aliyokwenda nayo kaburini. Sasa kinauzwa kando ya maandazi.

Baadaye nilitaka kujua kwa nini zimeingia bila hata kupigwa tupa, na hapa somo langu la kweli likaanza. CG125 ilibuniwa na Honda katikati ya miaka ya 1970. Kabla yake kampuni hiyo ilikuwa ikiuza katika nchi zinazoendelea pikipiki nyingine ya cc 125, yenye injini ya kisasa zaidi kwa wakati ule, ambayo kemshafti yake iko juu ya silinda na huzungushwa na mnyororo. Ilikuwa injini nzuri, lakini kule ilikopelekwa ilikuwa ikifa mapema. Wahandisi wakasafiri kwenda kuona. Wakakuta pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mmoja inabeba familia na mizigo. Wakakuta oili haibadilishwi kwa wakati, na chujio la hewa halisafishwi. Wangeweza kuandika ripoti kwamba wateja hawajaelimika. Badala yake walirudi wakabuni injini nyingine. Waliishusha kemshafti chini, wakaizungusha kwa meno badala ya mnyororo, wakatumia vijiti vya kusukuma valvu, teknolojia ambayo wapenzi wa mbio waliiona ya kizamani. Mnyororo wa gurudumu wakaufunika wote kwa bati ili vumbi lisiule. Mashine ikawa na nguvu za farasi kama 11 tu, na ikadumu.

Injini hiyo ndiyo ambayo viwanda vya China viliinakili baadaye kwa wingi usiohesabika. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaza miji yetu tangu miaka ya 2000, pamoja na ile SanLG ya mpwa wangu iliyonivuta kutoka matopeni, zina injini za ukoo huo. Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa anaendesha pikipiki ya babu yake pasipo kujua, na ndiyo maana duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa na klachi niliyotaka kuiagiza Ulaya.

Siandiki haya ili kusifu kampuni. Kampuni ilitaka kuuza, na iliuza. Ninachokitafakari ni tendo lile la kusafiri kwenda kuangalia, kisha kuona kosa katika mchoro kabla ya kuliona kwa mtumiaji. Ni mara ngapi sisi wenye shahada tumefanya hivyo? Tunabuni mitaala, mifumo ya kielektroniki ya malipo, fomu zenye kurasa kumi na mbili, na zinapokwama vijijini tunaandika kwamba wananchi wanahitaji kupewa elimu. Pikipiki yangu ya mbio ina akili nyingi kuliko CG125 mara mia, ila akili hiyo yote ilikaa mbali na mtu anayeitumia na fundi wa kuitengeneza. Kiko kikomo ambacho baada ya kukivuka, kitu usichoweza kukitengeneza unakuwa umekiazima tu, hata kama una kadi yake ya umiliki.

Hata hivyo mzee fundi hakuniacha nistarehe na falsafa yangu. Tulifika kwenye umeme. CG125 za wakati ule zilitumia umeme wa volti 6, na taa yake ya mbele haizidi sana mwanga wa kibatari. Mzee alitaka tubadilishe sumaku na koili, tuweke mfumo wa volti 12 wa bodaboda. Mimi nikakataa, nikasema tutaua uhalisi wake.

"Daktari," akaniambia, na alitumia jina hilo pale tu alipotaka kunirudi, "baba yako hakuipanda kwa kuwa ni ya zamani. Aliipanda kwa kuwa inawaka. Unataka iwe ya kuangaliwa?"

Mpwa wangu, aliyekuwa akishika tochi, akaongeza la kwake. "Mjomba, ikiisha kutengenezwa, hii ya babu itaingiza shilingi ngapi kwa siku?"

Sikuwa na jibu kwa yeyote kati yao. Mpwa wangu alikuwa kwenye mkataba: pikipiki ni ya mtu mwingine, yeye hupeleka hesabu kila siku, na akimaliza muda waliokubaliana inakuwa yake. Siku mvua ikinyesha, hesabu iko palepale. Akiugua, hesabu iko palepale. Kofia yangu ngumu, ukiongeza koti na glavu, iligharimu fedha ambazo kwake ni hesabu ya miezi. Yeye hakuwa na kofia hata moja, na abiria wake vilevile. Tulikuwa watu wawili wa damu moja, tunaopanda kitu chenye jina moja. Mmoja kwa ajili ya kupumzisha akili, mwingine kwa ajili ya ugali. Nilimnunulia kofia wiki ile, mbili, ya kwake na ya abiria. Nakiri kwamba ilikuwa njia rahisi ya kulikwepa swali lake.

Kwenye umeme, mzee alishinda. Tuliweka volti 12. Siti ikabaki yangu.

Na sasa, kama nilivyoahidi, turudi kwenye bajeti.

Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima. Niliitazama hafla ile kwenye runinga nikiwa na baba moyoni. Nakiri nilifurahi, na sitaki mtu anisome vibaya: ilikuwa hatua njema, na mkulima wa pamba wa Simiyu anahitaji kufikiwa kuliko anavyohitaji hotuba. Lakini mtoto wa bwana shamba huhesabu kitu kingine. Niliziangalia zile pikipiki zilivyopangwa kwa mistari, nikajiuliza juu ya mwaka wa nne: sahani za klachi za mwaka wa nne ziko katika kifungu kipi?

Huduma ya baba haikufa siku alipokosa pikipiki. Pikipiki alikuwa nayo, nyekundu, iliyooshwa. Ilikufa kati ya barua ya kwanza na ya tatu. Nchi yetu ni hodari wa kukabidhi. Tuna utepe, mkasi, ngoma na wapiga picha. Kutengeneza hakuna utepe. Hakuna mbunge anayealikwa kuzindua beringi mpya za gari la wagonjwa, wala ringi za pampu ya kisima. Kwa hiyo fedha hufuata ngoma, na yadi za ofisi zetu hujaa vitu vilivyosimama kwa kukosa kifaa cha bei ya kuku, vikisubiri mnada ambao gharama za kuutangaza huenda zikazidi bei ya kifaa chenyewe.

Yupo afisa ugani kijana, binti wa umri wa wanafunzi wangu, anayefanya kazi katika kata moja ya jirani. Alifika bandani kwa mzee siku tulipokuwa tunafunga injini, kuja kubadilisha oili ya pikipiki ya kazi. Alilipa kutoka mfukoni mwake. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila uchungu wowote, "Nikiandika barua, mwalimu, msimu utakwisha." Nilimwonyesha daftari la baba. Alisoma kurasa nyingi akiwa amesimama. Alipofika kwenye mstari wa mwisho alilifunga taratibu, akaniuliza kama anaweza kupiga picha ule mpangilio wa kurasa, kushoto kazi, kulia mashine. Sasa anaandika lake.

Jambo la pili ni la mzee fundi mwenyewe. Mtu huyu ameshikilia usafiri wa nusu ya wilaya kwa miaka arobaini na hana karatasi hata moja inayosema kwamba anajua lolote. VETA wanao utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, na nilimshauri aufuate. Alicheka, akauliza atakayempima amefungua injini ngapi. Nimekuwa nikilipeleka swali hilo darasani kwangu. Wanafunzi hucheka kwanza, kisha hunyamaza, kwa kuwa wanajua kwamba linatuhusu sisi tunaopima watu kila muhula.

CG125 iliwaka likizo ya tatu, kwa kiki ya nne. Mama alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akasimama mlangoni bila kusema kitu hadi mzee alipoizima. Siku iliyofuata niliipanda hadi Bariadi na kurudi, takribani kilomita mia moja, kwa mwendo wa sitini. Kila mtu alinipita: mabasi, malori ya pamba, hata bodaboda zilizobeba watatu. Njiani kurudi niliacha lami nikaingia ile njia ya mbuga ambako nilianguka. Ilipita.

R3 bado ninayo. Sitawadanganya kwamba nimeokoka. Ya baba imebaki Nyalikungu, katika banda la mzee, na kwa sasa haikai kwenye maonyesho. Pikipiki ya afisa ugani yule ikiwa matengenezoni, hiyo humvusha. Mpwa wangu amemaliza mkataba wake, na swali lake la shilingi ngapi kwa siku ameacha kuliuliza, ingawa najua hajalisahau.

Usiku ule niliporudi kutoka Bariadi nilifungua daftari. Chini ya "Klachi imekwisha kabisa. Barua ya tatu" palikuwa na nafasi ya mistari kadhaa. Niliandika tarehe, kilomita, kisha upande wa kulia: "Klachi mpya. Oili mpya."

Msomaji wangu uliyeko katika halmashauri, na najua mko wengi, nakuomba kitu kimoja. Bajeti ya mwaka ujao itakapoletwa mezani kwako, tafuta ukurasa wa vyombo vya usafiri. Utakuta fungu la kununua. Tafuta la kutengeneza. Ukilikosa, au ukilikuta limewekwa sifuri, uliza hapo hapo kwa sauti, na jibu utakalopewa liandike mahali pasipopotea. Mkulima wa upande wa Lalago hatajua jina lako. Atajua tu kama bwana shamba alifika.